Siku Seruji Itakapopasuka

Kwanza niseme, maana nayajua maneno ya Bweni yanavyotembea: mbwa sikumwita mimi. Anayedai nilimwita na aje anitazame usoni, arudie. Mbwa alikuja kwa miguu yake na pua yake, na yaliyofuata aliyafanya Hamdu kwa mikono yake mwenyewe, huku mimi namkataza kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani. Haya. Hilo limekwisha, sasa tuanze.

Hamdu alikuwa mume wangu. Enzi zile za Wadachi, yaani Wajerumani, alikuwa na minazi kutoka kijijini Bweni mpaka karibu na mnara wa taa, na nyumba ya mawe yenye baraza pana, na punda mweupe wa Kimaskati aliyemshinda bwana wake kwa tabia njema. Juu ya punda yule iliwekwa seruji. Ninyi wa leo huenda hamuijui: ni tandiko la ngozi la kupandia, lina kiti, lina ukingo mbele na nyuma, lina mikanda ya kufunga tumboni mwa mnyama. Hii yangu ilikuwa nyekundu iliyoiva, mshono wake mdogo mdogo wa uzi wa katani, hata ukipitisha ukucha haukwami. Aliishona baba yangu, marehemu Hilal, Mungu amrehemu, na ndiyo kazi yake ya mwisho duniani. Aliniachia mimi. Hamdu aliipanda kwa sababu aliona kila kilichomo nyumbani mwake ni chake, mimi na seruji sote pamoja.

Kazi ya ngozi alinifundisha baba nikiwa msichana. Alikuwa akisema, "Ngozi hii ilikuwa na mwenyewe, Sihaba, akiinywesha kutoka ndani. Mwenyewe kafa. Sasa ni juu yako kuinywesha kutoka nje, na usiizamishe." Basi kila Ijumaa nilikuwa naitoa. Kwanza napangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, maana vumbi ukilisugua na maji ni sawasawa na kusugua na msasa. Halafu kitambaa kibichi kilichokamuliwa mpaka hakitoi tone. Penye jasho la punda, sabuni kidogo sana, kisha nafuta tena sabuni yote itoke. Naiweka kivulini penye upepo, juani ng'o! Ikishakauka yenyewe ndipo napaka shahamu ya kondoo niliyoiyeyusha na nta ya nyuki. Napaka nyembamba kwa vidole, nasubiri inywe, namalizia kwa kitambaa mpaka ukiishika mkono wako unatoka mkavu. Ukimimina mafuta mengi umeidhulumu, maana ngozi italegea na uzi utaoza.

Mavyaa wangu, Mwanamkuu, mama yake Hamdu, alikuwa akiniangalia na kusonya.

"Shahamu, shahamu! Nyumba yote inanuka kondoo. Mafia nzima tumelelewa na nazi. Nywele nazi, mtoto mchanga nazi, taa nazi. Hiyo ngozi ya mnyama inajiona nani hata ikatae nazi?"

"Mama, mafuta ya nazi yakikaa ndani ya ngozi yanachacha. Na yanaita mende."

"Mimi humu ndani mende namjua mmoja tu," alisema, na jicho kanikazia mimi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Hakuna asubuhi niliyomwambia shikamoo akaniitikia marahaba yake bila kuitafuna kwanza. Na Hamdu alifunzwa na mama huyo huyo.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinaniunguza. Mama yangu mzazi, Mize, alikuwa Ndagoni, upande wa pili wa kisiwa, peke yake, na macho yake yalikuwa yanafungwa na mtoto wa jicho. Habari zilinijia kwa wapita njia: leo kajikwaa kwenye figa, leo kamwaga uji akidhani bakuli liko pale. Anachotewa maji na majirani kama yatima, na mimi mwanawe wa pekee niko hai! Nilimwomba Hamdu ruhusa nikamwuguze. Alinijibu, "Sikuoa ili mke wangu akawe fimbo ya kipofu." Nikamwomba basi aniache. Akasema wanawake wa nyumba yao hawaachwi, wanazikwa. Na kwa kadhi, kule Chole, ningefikaje bila ruhusa yake? Chumbani kwangu alikuwa haingii tena, nami nikawa si mke si mtalaka. Nilimchukia, na sioni haya kulisema.

Ijumaa moja baada ya sala, wanaume walikuwa wameketi barazani kwa Hamdu, na miongoni mwao Mwalimu Mfaume, aliyekuwa akifundisha watoto Kurani chuoni na kutusalisha. Mgeni mmoja akaisifu seruji. Akasema hata Unguja hajaona ngozi ya umri ule ikiwa laini vile. Hamdu akajitanua kifua, kana kwamba kaishona yeye. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na damu ikanichemka.

Nikasema kwa sauti, "Seruji imetunzwa kwa kuwa haina mdomo wa kuomba. Mimi ninao. Bwana Hamdu, mbele ya waungwana hawa, niache niende kwa mama yangu."

Mwanamke kusema vile mbele ya wageni! Nilimsikia Hamdu akivuta pumzi, halafu akacheka.

"Binti Hilal anataka talaka. Haya, nampa! Shuhudieni. Siku ngozi ya seruji ya baba yake itakapopasuka, siku hiyo ameachika, talaka tatu."

Wakaangua kicheko. Nani asiyejua kwamba seruji ile haitapasuka mikononi mwangu? Mwalimu Mfaume peke yake hakucheka.

"Hamdu, talaka haina mzaha. Neno hilo limekwisha kukutoka."

"Na likae huko huko lilikotokea, Mwalimu. Huyu anaibembeleza seruji kama mwanawe. Atazikwa nayo."

Hebu fikiri ubaya wa mtu yule. Alitafuta kitu ninachokipenda kuliko vyote nyumbani mwake, akakifanya kufuli. Tangu siku ile kila Ijumaa nilipokaa na kitambaa changu nilikuwa najifunga mwenyewe kwa vidole vyangu. Na Hamdu alijua. Alikuwa akipita makusudi, anasimama, ananiuliza, "Inaendeleaje, binti Hilal? Laini?" Kisha huyo, anakwenda zake anapiga mluzi.

Utasema, si ungeikata tu? Nilijaribu. Adhuhuri moja wote wamelala, nilichukua kisu cha jikoni nikakiweka juu ya kiti cha seruji. Nikauona mshono wa nyuma, pale ambapo umepinda kidogo, maana siku ile baba alishikwa na homa, mkono ukamtetemeka, akakataa kuufumua. Alisema, "Acha, ujue palikuwa na mtu." Nikaanza kulia na kisu mkononi. Nilikirudisha jikoni nikamenya muhogo. Sikuwa na uwezo, basi, na kama huo ni ujinga nakubali.

Ukafika Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Mwaka ule Hamdu ndiye aliyechaguliwa kutangulia maandamano juu ya punda wake, kutoka msikitini, kuzunguka mji, mpaka uwanjani pa kusomea. Kichwa kilimvimba, wee! Siku chache kabla yake nilikuwa nimeipaka seruji shahamu mpya, nikaiweka uani kwenye kivuli, juu ya kinu nilichokipindua ili ikae kwa umbo lake. Akapita Mdachi wa mnara wa taa, kaja kununua madafu, na nyuma yake jibwa lake kubwa. Jibwa likasikia harufu ya kondoo. Kabla sijainuka, limeshafika kwenye kinu, linaulamba ukingo wa nyuma na macho limefumba.

Mavyaa alipiga ukelele wa kuamsha wafu. "Astaghfirullah! Najisi! Najisi nyumbani mwangu!" Mdachi akampigia mbwa wake mluzi, akaenda na madafu yake, hata habari hana.

Sasa, kila aliyesoma chuoni anajua. Mbwa akigusa kitu kwa mate yake, pale alipogusa paoshwe mara saba, na moja ya hizo kwa udongo. Hilo halina ubishi nami sikulibisha. Nilichosema ni hiki, na Mwalimu Mfaume alikuwa ameshaitwa, amesimama pale pale:

"Bwana, mbwa kalamba ukingo wa nyuma tu. Tupaoshe hapo alipolamba, tena kwa udongo laini uliochekechwa, tukaushe kivulini, nami nitapanywesha shahamu. Kiti hakikuguswa."

"Ni kweli," alisema Mwalimu Mfaume. "Palipoguswa ndipo panapooshwa. Dini haikutaka zaidi ya hapo."

Kama Mwalimu angesema peke yake, pengine Hamdu angesikia. Lakini nilikuwa nimetangulia kusema mimi, na kwa Hamdu neno likishapita kinywani mwangu limekwisha kuharibika.

"Ahaa!" alisema. "Nitangulie Maulidi ya Mtume nimekalia seruji iliyooshwa mkia tu? Wanicheke? Itaoshwa yote!"

Akaibeba mpaka kisimani, akaitumbukiza kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Yote! Nikaona mapovu yanatoka mishononi. Halafu akainama akachota udongo wa pale kisimani, na udongo wa pale unaujua, nusu yake ni mchanga wenye chembe za matumbawe. Akaanza kusugua. Kwaru, kwaru, kwaru. Nilisikia kama ananisugua mimi mgongoni.

"Bwana Hamdu," nikasema, "nakwambia mbele ya Mwalimu na mbele ya mama yako. Usiitose tena na usiisugue na mchanga. Ikikauka kwa pupa baada ya hapo, itapasuka."

Aliinua uso, maji yanamchuruzika ndevuni.

"Tangu lini wewe umenitakia mema? Kila anachonikataza mwanamke huyu ndicho chenye kheri. Mama, si kweli?"

"Kweli tupu, mwanangu. Sugua."

Wapo wanaosema hapo nilimtega, kwamba nilijua nikimkataza atafanya. Mimi nilisema kweli, mara ya kwanza na ya pili. Ikiwa kweli ikitoka kwangu inamchoma mtu, huyo akautibu moyo wake.

Ikaoshwa hiyo mara saba, na kila mara ikazamishwa. Kisha wakaianika juani juu ya kichanja cha mbata, pamoja na nazi zilizopasuliwa, na jua lilikuwa kali. Ilipokauka ile rangi yake nyekundu ilikuwa imepauka, uso wa ngozi umechubuka, na kiti kimekakamaa. Nikamwendea Hamdu mara ya mwisho. Nikamwambia aahirishe kuipanda, aniachie niilainishe polepole, leo kidogo kesho kidogo, ngozi iliyokufa kiu hainyweshwi kwa siku moja.

"Usiiguse," akasema. "Mkono wako una nia mbaya."

Basi! Sikio la kufa halisikii dawa. Nikafunga mdomo.

Mavyaa akapata siku yake. Alichemsha mafuta ya nazi sufuria nzima akaimiminia seruji yakiwa ya moto. Ikang'aa, lo, iling'aa! Hamdu akaigonga kwa kiganja ikalia ko-ko kama mlango. "Mnaona?" akasema. "Sasa imekuwa imara." Mama yake akanitazama kwa ushindi, nami nikaendelea kupepeta mchele.

Siku ya Maulidi mji wote ulitoka. Matari yanapigwa, watoto wamevaa kanzu mpya, sisi wanawake tumesimama milangoni na vyetezo vya udi. Hamdu alitoka na joho lake na jambia kiunoni, punda ameogeshwa anametameta. Walioketi barazani Ijumaa ile walikuwapo wote mbele, na Mwalimu Mfaume ameshika kitabu. Hamdu akainua mguu, akajitupa kwenye seruji kwa uzito wake wote, kwa madaha, ili kila mtu aone.

Ikalia paa!

Matari yalinyamaza moja moja. Punda akaruka pembeni kwa kushtuka, na Hamdu akashuka kwa makalio, si kwa miguu. Kiti cha seruji kilikuwa kimepasuka kutoka ukingo wa mbele mpaka wa nyuma.

Nikaona wale mashahidi wanatazamana. Na Hamdu naye akaona. Hapo ndipo kiapo chake kilipomrudia kichwani, maana alikuwa amekisahau kwa kudhani ni changu mimi kukikumbuka.

"Uzi!" akapiga kelele. "Ni uzi tu umekatika! Uzi si ngozi!" Akaifungua mikanda kwa papara, akaja nayo mlangoni kwangu anakimbia. Mama yake nyuma, ana msharasi wa baba mkononi, ile sindano nene ya kushonea ngozi, kautoa kwenye sanduku langu bila hodi.

"Shona," akasema Hamdu.

"Shona, mwanangu," akasema Mwanamkuu. "Mwanangu Sihaba, shona upesi, mama."

Mwanangu! Miaka yote ile nilikuwa mende.

Mwalimu Mfaume akawafuata na watu nyuma yake. Akasema, "Binti Hilal, mjini hapa hatuna mwingine ajuaye kazi hii. Tazama, na Mungu anakusikia. Ni uzi au ni ngozi?"

Nikaipokea seruji ya baba. Nikaiweka magotini nikapitisha kidole kwenye mshono, polepole, toka mwanzo mpaka mwisho. Mshono ulikuwa mzima. Hata pale palipopinda, pale pa homa, uzi ulikuwa umeshika. Ngozi ndiyo iliyoachana, katikati, mbali na mshono. Machozi yakanitoka, na yalikuwa ya seruji, si ya Hamdu.

"Uzi wa baba haukukatika," nikasema. "Ngozi imepasuka."

"Mwongo!" akasema Hamdu. "Mwongo huyu, anataka kwenda zake!"

"Kutaka nataka," nikamjibu. "Lakini kuosha uliosha wewe."

Mwalimu Mfaume akainama. Akakitia kidole chake kwenye ufa, kikatokea upande wa pili, akawaonyesha wale mashahidi. Kisha akajinyoosha.

"Hamdu, nilikwambia talaka haina mzaha. Mkeo ameachika, talaka tatu. Hana rejea kwako."

Hamdu alisimama pale na joho lake lina vumbi nyuma. Akasema seruji ibaki. Mwalimu akamwuliza nani aliyeirithi kwa Hilal, naye akarudi nyuma. Nikachukua msharasi wangu mkononi mwa Mwanamkuu, nikaifunga seruji kwa leso nikajitwika. Nilipofika kizingitini niligeuka, maana mimi nami si malaika.

"Mama, mafuta ya nazi yamebaki? Mpake mwanao."

Nilifuatana na watu wa kusini waliokuwa wanarudi kwao baada ya Maulidi. Mwalimu alikuwa amenipa ruhusa nikakalie eda kwa mama, kwa ajili ya maradhi yake. Tulifika Ndagoni jua limepinda. Mama alikuwa kaketi kibarazani anapapasa mchele kwenye ungo, anatafuta mawe kwa vidole. Macho yake yote yalikuwa meupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

Nilipiga magoti nikautua mzigo mapajani mwake, na yeye akaufungua. Vidole vyake vikapita kwenye ukingo, vikashuka, vikaufuata mshono, vikafika pale ulipopinda vikasimama.

"Huyu ni Hilal," akasema. "Basi wewe ni Sihaba."

Akaendelea kupapasa mpaka akaukuta ufa. Uso wake ukabadilika. "Yarabi! Nani kaifanyia hivi? Na wewe uliyefundishwa ulikuwa wapi?"

"Nilimkataza, mama. Hakusikia."

"Leta msharasi basi. Nitakushikia, uishone."

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hapo ndipo nilipopitia kuja kwako."

Nikamsimulia kiapo cha Hamdu. Halafu akautia mkono wake mzima kwenye ufa ule, akanishika mkono wangu upande wa pili.

Niliishi na mama mpaka Mungu alipomchukua. Seruji ninayo bado. Kila Ijumaa naipangusa, naipaka shahamu nyembamba pande zote mbili za ufa, nasubiri inywe. Imerudi kuwa laini kama zamani. Kushona, sijaishona.